Mashati Yaliyotoka Lalago

Juzi mume wangu alirudi nyumbani na shati ambalo sikulinunua mimi. Shati zuri la kijani, limepigwa pasi likanyooka. Akasema ni sare ya harusi ya mwenzake kazini, wamechanga ofisi nzima, na ni kweli. Nilithibitisha kwa njia zangu. Lakini kabla sijathibitisha nilikuwa nimeshalipindua, nimekagua mshono wa begani, nimenusa kola, na mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye chupa ya jiki chini ya sinki. Nikafungua kifuniko. Ile harufu ikanipanda puani mpaka machozi yakanilenga, na pale pale sikuwa tena mtu mzima mwenye jiko la gesi na watoto wa shule. Nilikuwa darasa la tatu, nimechuchumaa nyuma ya nyumba yetu Somanda, mwiko mkononi, nasubiri mama aseme, "Koroga."

Wenzangu wa rika langu hawana haja ya kukumbushwa tulivyovaa. Ilikuwa mitumba kuanzia soksi mpaka sweta, na nguo haikutupwa eti kwa sababu imepauka. Nguo iliyopauka pale Somanda ililetwa kwa mama yangu. Alikuwa amejifunza batiki kwa masista alipokuwa msichana, lakini Bariadi watu hawakuhitaji mapambo, walihitaji nguo, kwa hiyo batiki akaiacha, akabaki na kutoa rangi na kutia rangi. Suruali ya mwalimu iliyokatika rangi magotini, mashati ya kwaya yaliyonunuliwa mnadani kila moja na rangi yake na yanatakiwa yafanane kabla ya Pasaka, sketi ya muuguzi wa pale hospitali iliyomwagikiwa dawa, vyote vilipitia kwenye beseni letu.

Kwanza mama alichomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani akauchoma kwa kiberiti. Uzi wa pamba unaungua kama karatasi, unabaki majivu. Uzi wa nailoni unajikunja na kuwa kidonge kigumu cheusi. "Hii hailiki," alimwambia mwenye nguo, akimaanisha haitakunywa rangi, na akamrudishia hata angebembeleza vipi. Watu wa kwetu ni wakulima wa pamba, walielewa upesi. Nadhani walijivuna kidogo kusikia kwamba zao lao ndilo linalokubali.

Nguo ya pamba iliingia kwenye beseni la plastiki lenye maji na jiki. Mama alivaa mifuko ya plastiki mikononi, kaifunga kwa mipira ya kubania madaftari kwenye vifundo. Mimi nilikoroga nikiwa nimegeuza uso upande, pumzi nimeibana. Rangi ya bluu ilikimbia haraka. Nyekundu ilishuka mpaka waridi ikagoma hapo hapo. Nyeusi ndiyo iliyonishangaza, kwa sababu haikuwa nyeupe kamwe, iliishia rangi ya kutu ya bati la zamani. Niliamini kila nguo ina rangi yake ya kweli imejificha chini, na jiki ni kama fimbo ya mwalimu, inaifanya iseme. Baadaye nguo ilisuuzwa sana, mpaka mikono inauma, ikaingia kwenye sufuria iliyokuwa inachemka na rangi mpya na chumvi, na ikitoka hapo ni nguo nyingine. Maji ya jiki tuliyamwaga nyuma ya choo, mahali ambapo hata magugu yalikuwa yameacha kuota.

Sasa baba. Baba alikuwa na shamba la pamba na ng'ombe wa urithi kule Lalago, kwa hiyo maisha yake yalikuwa ya kwenda na kurudi. Wakati wa palizi alikaa kule mpaka nasahau anavyocheka. Alikuwa mtu wa furaha, mwenye utani, mkono wake ulikuwa mwepesi wa kugusa kichwa cha mtoto. Mimi aliniita nkoi wangu, rafiki yangu, na nilikuwa mtoto pekee nyumbani wakati ule, kwa hiyo niliamini nkoi ni mmoja tu duniani. Mama naye alikuwa akimngoja kwa namna yake: anafagia uwanja mara mbili, anabadilisha kitenge, halafu akimwona anakuja anajifanya ana shughuli nyingi. Tulikuwa wawili tunaomtaka mtu mmoja, na kila siku aliyokuwa hayupo tuliiona kama tumeibiwa.

"Mwadila," baba alisalimia akiwa bado mlangoni.

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu. Salama kabisa. Mama Raheli, nimewaletea michembe."

Aliweka chini mfuko wa michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa, na dumu la maziwa ya mgando. Na mara kwa mara alikuwa amevaa shati jipya. La kwanza ninalolikumbuka lilikuwa la rangi ya damu ya mzee, mikono mirefu, mfuko mmoja kifuani. Halikuwa mtumba. Halikuwa na lebo shingoni, na lilimkaa baba mabegani utadhani alizaliwa nalo.

"Umenunua?" mama akauliza.

"Nimeshonewa. Kuna fundi pale mnadani."

Mama alimzunguka, akamtazama mgongoni. "Limekupendeza, baba Raheli. Ila rangi inakuzeesha."

Kesho yake asubuhi baba alikuwa bado anakunywa chai, na shati lile lilikuwa tayari kwenye beseni.

Niseme wazi bila kuzunguka: niliyaonea wivu yale mashati. Nguo za wateja mama alizikoroga huku anapiga soga na Mama Doto, jirani yetu, ambaye alikuwa na pacha mmoja mgongoni na mwingine mikononi na bado alipata nafasi ya kujua habari za mtaa mzima. Mashati ya baba mama aliyashughulikia kimya, midomo imebanwa, jicho halitoki kwenye beseni, na hapo hata mwiko alininyang'anya. Alikoroga mwenyewe. Mimi nilikiona kile kimya nikajua ni mapenzi. Nilijiambia: ona anavyompenda mumewe, hataki akae na rangi mbaya hata siku moja. Na mimi je? Gauni langu la kanisani lilikuwa limepauka mpaka maua yake hayaonekani, na halikupata chochote zaidi ya sabuni ya mche.

"Mama, na langu litie rangi," nilimwambia.

"Lako lina kosa gani?"

Nikakaa nikatafuta kosa la gauni langu. Sikuliona, na nilisikitika kwelikweli kwamba halina.

Shati la damu ya mzee lilitoka kwenye sufuria likiwa bluu iliyokolea, bluu ya mama, ile aliyoichanganya mwenyewe na hakumwambia mtu namna. Lakini tulipolianika kivulini tukaona jambo. Kitambaa kilikuwa bluu, uzi ulikuwa umebaki damu ya mzee. Mshono wote ulijitokeza: kuzunguka kola, kuzunguka mfuko, chini kwenye pindo, na kwenye kila tundu la kifungo, lililoshonwa kwa mkono, kwa ustadi, uzi umebanana na mwenzake. Mama alichomoa kipande kidogo akakichoma. Kikajikunja kuwa kidonge.

"Nailoni," alisema.

Mama Doto alikuwa amekuja kuomba moto. Alilitazama shati, akacheka hadi mtoto wa mgongoni akaamka. "Weee! Bluu yako imekubali, lakini uzi umekataa. Huyo fundi ameandika jina lake, mama Raheli."

Mama hakucheka. Mimi mchana kutwa nilizunguka lile shati kwenye kamba, nikiufuata mshono kwa kidole toka mwanzo mpaka mwisho, natafuta hilo jina. Nilikuwa najua kusoma vizuri. Sikuona hata herufi moja, nikaamua Mama Doto ni mwongo.

Baba alilivaa bila kulalamika. "Sasa hili ni shati la mkurugenzi," alisema, akanyoosha kola, akaondoka nalo kwenda Lalago. Aliporudi nalo, kola ilikuwa imegeuzwa. Mnajua mafundi wanavyofanya: kola ikichakaa wanaifumua, wanaipindua upande mzima uje juu, wanashona upya. Ile haikuwa imechakaa. Na vifungo vilikuwa vingine, vyeupe, vinang'aa. Mama alivigusa kimoja baada ya kingine, akalirudisha shati kwenye jiki, na safari hii hakupima kwa kizibo kama alivyonifundisha. Alimimina tu mpaka mkono ukachoka. Shati likawa kijani. Likaenda, likarudi limeongezwa mfuko wa pili. Likawa kahawia. Hivyo hivyo na mashati mengine. Baba alikuwa katikati kama mtu anayetumwa barua ambazo hazisomi, anavaa analopewa huku na anavaa analopewa kule, na kote anasifia.

Leo nikifikiria nakasirika kwa niaba ya mama, halafu nakasirika naye. Hakuuliza hata mara moja. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mama alikuwa ameficha la kwake ndani ya beseni.

Kuumbuka kulikuja msimu wa kuuza pamba. Kituo cha kununulia kilikuwa karibu na kwetu, na baba alikuwa ameleta pamba yake kwa lori kwa sababu alitaka kuiuzia hapa mjini. Mama alinituma nimpelekee uji. Nilimkuta kwenye foleni ya mzani, vumbi limemjaa nyusi, amevaa lile shati la kahawia ambalo lilikuwa limeshapita rangi zote. Zamu yake ikafika. Akainama, akashika furushi la pamba, akalinyanyua begani.

Shati lilipasuka. Halikuachia kwenye mshono, lilichanika katikati ya mgongo, kutoka shingoni mpaka kiunoni, kwa sauti ya karatasi. Akaweka furushi kwenye mzani, akanyoosha mkono, kitambaa cha begani nacho kikaenda. Watu wa kwetu hawakosi neno.

"Kaka, shati limechoka kuliko mwenye shati!"

"Muacheni, anajionyesha kifua apate mke wa tatu!"

Kicheko kikapanda. Baba naye alicheka, lakini ile ya mke wa tatu ilipotajwa alinitazama mimi haraka, kisha akatazama pembeni. Mimi nilihesabu kwa vidole vyangu nikaona aliyesema hajui hesabu. Kilichonishangaza ni kingine. Kitambaa kilikuwa kimebaki vitambara, lakini mshono wote ulikuwa mzima. Kola ilikuwa shingoni kwa baba, mstari wa vifungo ulikuwa kifuani, mishono ya mabega ilikuwa imekaa pale pale kama mikanda, na katikati hakuna kitu.

Jioni mama aliliweka lile tambara mapajani wakati ugali unaiva. Alikuwa akiuvuta uzi, anauachia, anauvuta.

"Nguo imeoza, uzi mzima," alisema.

"Dawa zako ni kali, mama Raheli. Nimechekwa leo."

"Na fundi wako naye ni mkali."

Baba alikohoa. "Ni fundi tu. Mnada mzima unashona kwake."

"Anamgeuzia kola kila mtu? Hata ambayo haijachakaa?"

"Ni mtu anayependa kazi yake."

"Naona."

Nilikuwa nachezea kuni. Nilihisi hewa imebana, nikatamani mmoja wao acheke. Baba ndiye aliyejaribu. Akanivuta kwake, akaniweka kati ya magoti yake. "Basi tufanye hivi. Wewe huamini kwamba ni fundi kama mafundi wengine? Atamshonea huyu nkoi wangu gauni. Gauni jipya la kitambaa cha dukani, sio mtumba. Utaona mwenyewe kazi yake, na moyo wako utatulia."

Moyo wangu mimi ndio ulioruka. Gauni jipya! Mama alimtazama baba kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Mwambie amshonee," alisema.

Baba aliondoka alfajiri siku ya pili. Nilipoamka nilipiga kelele, nikamkimbilia mama jikoni nikilia kwamba baba ameondoka na hakuna mtu aliyenipima. Fundi atajuaje urefu wangu? Gauni litakuja kubwa, litakuja dogo, nitachekwa.

"Ameenda bila kipimo kweli?" mama akasema, akageuza chapati ya baba iliyobaki, hana haraka. "Basi tutaona litakavyokuja."

Nilidhani amesahau. Nilimwona ni mzembe, na niliamini kwamba angekuwa shati asingenisahau.

Baba alirudi na gauni limekunjwa kwenye gazeti. Lilikuwa la njano, na kwenye ukingo wa mikono lilikuwa na utepe mweupe. Sijawahi kupewa kitu kizuri kama kile tangu hapo, na nimeolewa. Nilivua nguo pale pale sebuleni, baba akageukia ukutani kwa heshima, mama akanivalisha.

Liliingia bila kusukumwa. Mabega yalikaa kwenye mabega. Mikono iliishia pale mkono unapoishia. Kiuno kilikaa kiunoni, na mimi nilikuwa mtoto mwembamba mwenye kiuno kirefu, hakuna mtumba uliowahi kunikaa bila kubanwa kwa pini. Chini pindo lilikuwa limekunjwa nene, limeachiwa nafasi ya kushushwa nikirefuka. Nikazunguka, likajaa upepo. Nikazunguka tena. Nilimwona yule fundi ni mchawi mzuri, na nikafikiri baba lazima alimweleza kwa mikono yake hewani, nkoi wangu yuko hivi na hivi, na kwamba mtu hawezi kukueleza hivyo kama hakubebi kichwani muda wote. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda.

Mama alikuwa amepiga magoti. Alishika lile pindo nene, akaligeuza, akalitazama.

"Anaitwa nani?" akauliza.

"Fundi?" baba alisema.

"Aliyepimwa."

Nikaacha kuzunguka.

Baba aliketi. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Minza," alisema.

"Jina la mama yako."

"Ndiyo."

Kwetu jina la bibi mzaa baba si la kugawa hovyo. Hupewa mjukuu wa kike aliyetangulia, na linakuja na heshima yake: baba mtu anamwita mtoto huyo mayu, mama, na akimkosea anamwomba radhi. Mimi nilipozaliwa baba alikuwa amesema niitwe Raheli, jina la Biblia, zuri, la kisasa. Mama alikuwa amefurahi. Alidhani ni kwa ajili ya kanisa.

"Ametangulia?" mama akauliza.

"Kidogo. Hawajapishana sana."

"Na mama yake?"

Baba alitazama kofia.

"Nakuuliza, baba Raheli. Mimi na yeye, nani alimkuta mwenzake?"

Baba akaigeuza kofia mikononi, na mama hakurudia swali. Alinyanyuka, akaniambia nivue nisije nikalichafua, akatoka nje kwenda kuchochea moto wa nguo za watu. Nilimfuata. Alikuwa anakoroga sufuria ambayo haikuwa na nguo ndani, maji na rangi peke yake, na machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. Wakati wote ule alikuwa anafuta rangi za mwanamke aliyeingilia ndoa yake, na kumbe aliyeingia kwa mwenzake ni yeye.

Kuhusu mimi, sikumlilia mama. Naona aibu kidogo kusema lakini ndivyo ilivyokuwa: nilikuwa namfikiria huyo Minza. Nilimwona kabisa. Amesimama mlangoni kwao, mikono ameinyoosha, mama yake anampitishia futi kifuani, na baba yangu amekaa kwenye kigoda anakunywa maziwa anaangalia. Anamwita mayu. Mayu, simama vizuri. Nilikuwa nkoi, na nkoi unaweza kuwa na wengi. Nilitamani awe na kibyongo. Nilitamani awe na makengeza. Lakini gauni lilikuwa limeshaniambia ukweli, kwamba hana kasoro yoyote, ana mwili wangu.

Mama Doto alipolisikia lile, na alilisikia kabla halijapoa, alikuja na ushauri. "Lete hilo gauni tulitie jiki. Litoke na weupe wa sanda, umrudishie na ujumbe wake."

"Gauni la mtoto?" mama alimwambia. "Una wazimu wewe."

Akalifua kwa sabuni ya mche, akaligeuza ndani nje ili jua lisilipaukishe, akalianika kivulini. Jumapili akanivalisha, na nilipogoma akanifinya sikio. Mashati ya baba hayakuingia tena kwenye beseni. Yalikuja, yakafuliwa, yakaondoka na rangi zake. Mama na baba waliongea mambo ya lazima tu: chumvi, ada, ng'ombe mgonjwa. Niliona amekonda. Niliogopa kwamba siku moja atafunga vitenge vyake na nitaachwa pale na mtu ambaye ni baba yangu nusu.

Halafu siku moja alirudi kutoka dukani na kitambaa cheupe, pamba tupu, kipya. Alichoma uzi wake kuhakikisha. Akachemsha maji, akachanganya ile bluu yake, akakoroga mwenyewe, kimya, na safari hii nilikuwa nimeshakoma kudhani kimya ni mapenzi. Kitambaa kilitoka bluu ambayo sijaiona tena. Akakisuuza mpaka maji yakawa meupe kabisa, akakisuuza tena.

Nilikuwa naruka. Nilimwambia kila mtoto wa mtaa kwamba mama yangu ananishoneshea gauni la bluu, lake mwenyewe, zuri kuliko la njano, zuri kuliko la mtu yeyote wa Lalago. Kilipokauka, mama alichukua uzi wa katani, akaniita ndani, akanisimamisha.

"Nyoosha mikono."

Nikanyoosha. Akapitisha uzi toka bega hadi bega, akafunga fundo. Akapitisha toka bega hadi kifundo cha mkono, akafunga fundo. Hakuwahi kunipima maisha yangu yote. Vidole vyake vilinuka jiki na chumvi, nikafumba macho kwa raha.

"Litakuwa na mfuko?" nikauliza.

"Litakuwa nao. Baba yako anaondoka Alhamisi, nataka fundi wa hapa alimalize mapema."

"Kwani baba anataka kuniona nalo?"

Mama aliacha kupima. "Raheli," akasema, "wamekushonea mwanangu. Bakuli la mtu halirudishwi tupu." Kisha, kwa sauti nyingine, ya chini, akavuta uzi ukakaza: "Na ninataka mama Minza alifue. Kila wiki alifue kwa mikono yake, na lisichuje."

Nikafumbua macho. Ilinichukua muda kidogo, na ilipofika ilifika yote. Mama alikuwa amepiga magoti mbele yangu, uso wake uko kwenye tumbo langu, karibu kuliko alivyowahi kuwa, na hakuwa ananipima mimi. Baba nilikuwa nimeshagawana na Minza. Bluu niliyoililia mpaka nikatafutia gauni langu kosa, na magoti ya mama yangu, navyo vilikuwa vinakwenda Lalago. Sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea yule mtoto ambaye sijamwona, si kabla, si baada, na mume wangu anisamehe.

Mama akazungusha uzi kifuani kwangu. Nikavuta hewa yote iliyokuwemo chumbani, nikajaza kifua, nikajaza na tumbo, nikasimama hivyo.

Alingoja. Akaninyanyulia uso.

"Toa pumzi, mwanangu," alisema taratibu. "Litampwaya."

Nikatikisa kichwa. Hakunifinya sikio safari hii. Alibaki pale pale amepiga magoti na uzi wake mkononi, ananingoja.